Dhahabu Chini ya Masale

Jumamosi ya tarehe 14 Juni 2025 ndiyo siku mambo yangu yalipoharibika, na yaliharibika kwa sababu Calvin, mwenyekiti wa kitongoji chetu hapa Masama, alishuka Kiboriloni kununua mitumba, mvua ikamkamata, akaingia banda la video.

Picha yenyewe sikuiona. Alinisimulia: kuna karatasi ya zamani, ina vitone, kumbe vitone ni njia ya kwenda kwenye sanduku la dhahabu. Mwanzoni waliandika kwamba ni kisa cha kweli. Mimi niliishia darasa la nne, lakini nilimuuliza kama na sanduku lilikuwa la kweli. Akaniambia meku, yaani mzee, wewe huwezi kuelewa.

Balaa ni kwamba karatasi yangu ilikuwa kwake. Alituagiza wote tupeleke ushahidi wa vihamba, mashamba yetu ya ukoo, ili vipimwe. Yangu ni ya enzi za Mjerumani, alipowaamulia ugomvi wa mpaka babu yangu na babu wa jirani yangu Yoramu. Nayo ina vitone. Ni masale, mimea yetu ya mpakani. Na ndani kidogo ya masale hayo, upande wangu, ndipo nilipomzika mke wangu Eunike.

Nilimweleza Calvin yote hayo. Akacheka.

"Baba Jesse, Mjerumani mzima akae achore majani?"

Akaipasha karatasi juu ya jiko la mkaa, maandishi ya siri yatokee. Kwenye picha yalitokea. Hapa yalitokea majivu.

Jumatatu, nikiwa mjini kupima presha, alileta vijana wakang'oa masale yote na kuchimba. Walipata mizizi, na chupa ya dawa ya ng'ombe niliyoitupa mwenyewe. Yoramu alikuwa amesimama hapo akingoja mgawo. Alipoona dhahabu haipo, akapanda migomba mpaka ng'ambo ya kaburi. Anasema mpaka ulikuwa huko siku zote, ila nisihofu, ataniruhusu kuja kufagia.

Ofisi ya kata wakataka ushahidi: karatasi, au masale yenyewe. Nikasema vyote kaviharibu mwenyekiti. Wakasema malalamiko huanzia kwa mwenyekiti.

Jumapili, ibada ilipokwisha, Calvin akaja kwangu ameshika isale, jani moja la masale, ishara yetu ya kuomba msamaha. Anayekuja na isale hafukuzwi, ukimkatalia unajitafutia laana. Jani limenyauka, lina udongo wa shimo lake mwenyewe. Nikalipokea, ningefanyaje?

"Basi yamekwisha, meku," akasema, akivuta kigoda.

"Kukusamehe nimekusamehe. Lakini wewe ndiye serikali hapa, nijibu. Mke wangu amelala kwenye kihamba cha nani?"