Kidonge cha Jioni

Nikisema dada yangu Linah hakuwahi kukosa dawa, kliniki nzima itakuunga mkono. Kila mwezi alirudisha chupa, muuguzi akahesabu vidonge vilivyobaki, hesabu ikakubali. Mpaka wakamwomba awe anazungumza na wagonjwa wapya pale kwenye benchi, awaeleze jinsi mtu anavyoishi na virusi bila kuchezea dawa. Alizungumza vizuri sana. Mimi nilikaa kando kama msaidizi wake wa matibabu, yule mtu ambaye kliniki inataka akuchunge, nikiona fahari tupu. Sikujua kitu.

Linah na mumewe Thuo walipimwa pamoja kule Elburgon, Thuo alikokuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao. Wakaanza dawa pamoja, kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni. Halafu uchaguzi wa 2007 ukaisha vile ulivyoisha, na Januari nyumba yao ikachomwa na vijana ambao wengine tunawajua kwa majina, maana ni wa kwetu. Thuo ni Mkikuyu. Alitoroka na mama yake bila chupa yake ya dawa, wakafika kambi ya wakimbizi hapa Nakuru. Linah ni Mkipsigis kama mimi. Yeye alikuja kwangu Bondeni, ninakouza mitumba, na chupa yake ilikuwa mkobani; kliniki ya hapa mjini ikampokea. Mama mkwe alikuwa amesema wazi kwamba hatalala hema moja na mtoto wa waliomchomea. Sikuweza kumlaumu, ingawa ningependa.

Na kambini dawa zilikuwako. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kulikuwa na hema la wenye virusi, ukifika na kujieleza unapewa. Lakini foleni yake ilikuwa peke yake, mahali pa wazi, na mama yake Thuo alipikia karibu na hapo. Hakujua mwanawe ni mgonjwa. Thuo akasema atangoja barabara ya Elburgon itulie, aende kuchukua kwenye kliniki yake ya zamani. Akangoja mwezi, akangoja mwingine. Na Linah, badala ya kumshika shati na kumburuta hadi kwenye foleni, akamgawia. Kidonge cha asubuhi kikawa chake, cha jioni kikawa cha Thuo. Kila Jumapili alimpelekea vya wiki nzima, amevifunga kwenye karatasi pamoja na chakula. Kwa hiyo chupa iliisha sawasawa. Nani angeshuku?

Dada yangu si mjinga, ndiyo maana hasira yangu haipoi. Alijua dawa hii haigawanywi. Yeye mwenyewe aliwaambia hivyo watu wa benchi. Lakini kwetu mke hashibi huku mume analala njaa, na nadhani dawa aliiweka kwenye sufuria moja na ugali.

Ilipofika Agosti, mdomo wake ulikuwa na utando mweupe na nguo zilimpwaya. Daktari Hemali, Mhindi wa hapa hapa mjini, alipeleka damu yake Nairobi. Majibu yalipokuja alituita, akafunga mlango. Virusi vilikuwa vimezoea dawa. Alisema wameanza kuona wengine kama yeye sehemu nyingi za nchi, watu ambao hesabu ya vidonge vyao haina doa lakini dawa imeshindwa, na hawaelewi ni kwa nini. Alimtazama Linah kwa huruma.

"Wewe umefanya kila kitu tulichokuambia," akasema.

Linah akaanza kulia. Nilidhani anajililia mwenyewe.

"Daktari, hiyo chupa tumekuwa tukiitumia watu wawili," akasema.

Daktari hakufoka. Niliyefoka ni mimi, mpaka nikaombwa nikae. Alieleza kwamba kuna dawa za ngazi ya pili, ila ni chache, na kila mgonjwa lazima aidhinishwe Nairobi. Za Linah zingeombwa siku hiyo hiyo. Thuo ilibidi aletwe, damu yake nayo ipelekwe Nairobi, aanze mwanzo.

Tulimkuta amelala hemani, anakohoa, mama yake akiamini ni baridi ya kambi. Hakubisha tena. Alibebwa mchana kweupe, watu wakitazama, mama yake akiwa amemshika mkono. Wodini mama huyo aliambiwa kila kitu.

Dawa za Linah ndizo zilizofika kwanza. Siku hiyo nilimfuata hospitali kwa sababu namjua. Na kweli, alipofika kitandani alimimina vidonge vya siku hiyo kiganjani, akavitenga mafungu mawili juu ya shuka. Thuo akavirudisha vikawa fungu moja.

"Hapana, Linah," akasema. "Hizi meza zote."

Linah akamsihi. Akamwambia ni kwa siku chache tu, mpaka zake zije. Thuo alifumba mdomo, akageuzia uso ukutani. Hakugeuka hadi Linah alipokubali. Alimeza moja moja huku machozi yakimtiririka, na Thuo akamtazama mpaka ya mwisho. Nilikuwa nimemtukana yule mwanamume njia nzima. Nilitoka nje nikalia hadi pumzi ikanikatika.

Thuo alikufa kabla jibu lake halijarudi kutoka Nairobi.

Siku ya mazishi watu wake walisimama upande mmoja wa kaburi, na mimi na Linah tukasimama nyuma kabisa, kama wapita njia. Hakuna aliyetusalimia. Watu walipoanza kutawanyika, nilimwona mama mkwe akija moja kwa moja kwetu, nikajiweka mbele ya dada yangu, maana matusi yangu nilikuwa nayo tayari.

Hakuniangalia. Alimuuliza Linah kama amemeza dawa.

"Bado, Mama. Saa haijafika."

Mama akatandika leso yake kwenye nyasi, akaketi, akamvuta Linah akae karibu naye. Wakangoja saa ifike.