Mashine ya Nazi Yaenda Sabasaba

...na akivuta pumzi tu sindano itamgusa, kwa hiyo Mwishehe hakuvuta pumzi, alisimama wima katikati ya chumba kama mtu anayepimwa sanda, astaghafirullah, mawazo gani haya asubuhi yote hii, kama mtu anayepimwa suti, aseme suti basi, na mkewe Mwanaheri mbele yake, utosi wake umemfikia kidevuni, anamshonea kifungo mwilini kwa sababu kimekatika wakati ule ule anakifunga na hapana muda wa kuvua shati na kuvaa tena, shati la mtumba, jeupe, amelitafuta Ilala siku nzima ili asiende kwenye maonyesho ya kimataifa kama mpiga debe, saa mbili kamili Farhan wa nyumba ya pili anakuja na pikapu kumchukua yeye na mashine, na kutoka hapa Tandika mpaka uwanja wa Sabasaba si mbali, miaka nenda miaka rudi amekwenda kwa miguu, Najat akiwa mdogo alimpandisha mabegani aone matrekta, lakini mara hizo zote alikwenda kutazama, leo ndiyo mara ya kwanza anakwenda kutazamwa, ana beji, imeandikwa kwa taipu, M. MWISHEHE, MGUNDUZI, beji iko mezani, hajathubutu kuivaa... "Inua kidevu," alisema Mwanaheri, naye akainua, na uzi ukachomoka kwenye tundu la sindano, mara ya tatu sasa, na mkewe akaulamba tena na kuulenga tena, sindano ameishika kwa kidole gumba na kidole cha pete, kwa kuwa mkono ule wa kulia hauna tena kidole cha shahada wala cha kati, na Mwishehe akanyoosha mkono, "Lete nikutungie," na Mwanaheri akasema, "Niache," bila ukali, kama mtu anayefukuza nzi, niache, na yeye akaacha, akatazama juu kwenye mabati, akaanza tena maneno yake ya leo, karibu mama, karibu baba, mashine hii inakuna nazi tatu kwa dakika moja, imetengenezwa hapa hapa Temeke na Mtanzania, mota yake ni ya mashine ya kufulia nguo, mitumba ya Kizungu, nimeikuta mtaa wa Gerezani kwenye vyuma chakavu, kichwa chake chenye meno nimekichonga kwa tupa, jino moja moja, meno ishirini na manne... si lazima ataje idadi ya meno, nani atauliza idadi ya meno, ayaache meno.

Ni salama? watauliza, wanawake watauliza, wanaume wanauliza bei na wanawake wanauliza usalama, salama kabisa mama, na bango limeshaandikwa, mchora mabango aliuliza aandike nini chini ya jina la mashine na Mwishehe akasema andika SALAMA JIKONI, herufi nyekundu, akalileta nyumbani akaliegemeza ukutani, na kila akiamka analikuta limegeuzwa, maneno yanatazama ukuta, analigeuza, kesho yake limegeuzwa tena, wiki ya pili hii, na hakuna aliyemwuliza mwenzake... "Nimekufungia mkate wa kumimina na chai iko kwenye chupa," Mwanaheri alikuwa anasema, "usinunue vya huko, unasikia, Baba Najat?" "Nasikia," na kweli alikuwa anasikia, lakini kama mtu aliyeko kisimani anavyosikia watu wa juu, chai, mkate, chupa, wakati yeye yuko tena kwenye ile alasiri ya Ramadhani, hatoki huko, mwezi wa nne huu anaingia kila siku na hatoki, Bi Auleria wa kamati ya maonyesho alipokuja na daftari lake, mwanamke mrefu, Mhaya, mpole, anakagua vitu vya mafundi wadogo wa Temeke achague nani aende Sabasaba, na Mwishehe asubuhi ile alikuwa amelifungua kava la bati linalofunika meno, skrubu nne tu, kwa sababu kava likiwapo machicha yanaganda ndani na mashine inatoa kidogo kidogo kama mzee anayetema, na alitaka itoe kwa fujo, irushe, mgeni aseme ah, siku hizi za ruksa ya kuagiza vitu nje Kariakoo imejaa mashine za Dubai za kila kitu, za kusaga, za kukamua, lakini ya kukuna nazi hawana, Mjapani hajui tui, hiyo ndiyo nafasi pekee Mungu aliyomwachia tangu kiwanda cha zana kifungwe na yeye apewe barua na mkono wa kwaheri baada ya miaka kumi na tisa, nafasi yenyewe pana kama mlango wa kuku, na mtu hapiti mlango wa kuku amevaa kava, ndivyo alivyojiambia, leo tu, nitalirudisha jioni, akamwambia mkewe, "Kamata nazi, usiogope, mie nipo," na Mwanaheri akakamata, amefunga saumu, midomo imekauka, nazi ya kwanza, ya pili, ya tatu, machicha yakaruka meupe mpaka kwenye viatu vya Bi Auleria, na Bi Auleria akacheka akapiga makofi, "Mzee Mwishehe, hii haiwezi kubaki Tandika!" akaandika jina.

Akaandika jina, na Mwishehe akamsindikiza mgeni barabarani, mwepesi, miaka mingi hajawahi kuwa mwepesi hivyo, na alipokuwa anatoka alisema nyuma ya bega, na maneno haya hajamwambia mtu, hakumwambia daktari, hakumwambia Najat alipokuja kutoka Kimbiji analia, alisema, "Usizime, malizia hizo zilizobaki tufanyie futari," alisema hivyo, na kava liko chini ya meza, skrubu ziko mfukoni mwake, alizisikia zikigongana alipokuwa anatembea... Akasikia sauti ya mashine kutoka kule barabarani, ikabadilika, ikaguna, ikakwama kidogo, kisha ikaendelea vizuri, na alijua kabla hajajua, akamwacha Bi Auleria hapo hapo akisubiri gari la kumrudisha mjini, akakimbia, na Mwanaheri amekaa kwenye kigoda, mkono ameuficha kwenye khanga mapajani, hapigi kelele, amekiinamisha kichwa kama mtu aliyesikia habari, na mashine inazunguka, na Mwishehe akachomoa waya, na... hapa ndipo anapofika kila siku na kila siku anageuka njia, afunge macho, aseme karibu mama karibu baba... akachomoa waya, na akainama, na akatazama meno. Akayatazama. Akapitisha kidole gumba juu yake, jino, jino, jino, aone kama lipo lililopinda. Kwa muda gani? Muda wa kusema bismillahi mpaka mwisho, si zaidi, wallahi si zaidi, halafu ndipo akageuka kwa mkewe. Na kitu kimoja tu kimemwezesha kula na kulala toka siku ile, kwamba Mwanaheri alikuwa ameinamisha kichwa. Hakuona. Na alipoulizwa hospitalini alisema, "Uzembe wangu," na majirani walipokuja kumpa pole akawaambia vivyo hivyo, uzembe wangu mwenyewe, na Mwishehe amekaa pembeni ameshika kofia, anasikiliza, anaacha isemwe... na kumtazama akiswali sasa, akifika kwenye tahiyatu, pale mtu anaponyoosha kidole kushuhudia, ananyoosha kile kigutu kilichobaki, na kula kwake anakula kwa kijiko, mwanamke ambaye maisha yake yote hakula wali kwa kijiko, anasema ni usafi zaidi.

"Mama Najat," akasema, sauti yake ikamshtua, "twende wote leo."

"Nikafanye nini huko?"

"Ukaione."

"Mie nimeshaiona," alisema Mwanaheri, na sindano ikaingia kwenye kitambaa, ikatoka, ikaingia, na Mwishehe akafikiri basi, amalize hapo, akae kimya, lakini ulimi wenyewe ukaenda, "Siku ile... mie nilipotoka kule barabarani... nilitaka nikwambie..." na Mwanaheri, ameung'ata uzi, maneno yanapita pembeni ya meno yake, akasema, "Siku ile ulitazama mashine kwanza. Usitikisike, nitakuchoma."

Hakutikisika, hapakuwa na kitu ndani yake cha kutikisika. "Uliona?" akauliza, na mkewe akasema, "Nilikuwa nimekaa pale pale, Baba Najat, ningetazama wapi," na akavuta uzi taratibu ukanyooka baina yao, na hapakuwa na hasira usoni mwake, aliitafuta, aliitafuta kama maskini anavyotafuta sarafu mchangani, laiti angeipata hasira angeishika, angeipigia magoti, lakini hapakuwa na kitu, palikuwa na mwanamke anayeshona, na ndipo alipoelewa kwamba miezi minne hii yote aliyodhani yeye ndiye anamficha mkewe jambo, mkewe ndiye alikuwa akilificha kwa ajili yake, kwa daktari, kwa majirani, kwa binti yao, kila uzembe wangu aliosema aliusema akiwa anajua, na hakuwa amesamehe, mtu husamehe akiombwa na Mwishehe hakuomba, mkewe alimbeba tu, kama mtu abebavyo maji kwa sababu nyumba inahitaji maji.

Nje pikapu ikapiga honi, Farhan anaita, "Mzee! Tupakie, foleni ya langoni mbaya!" na kifungo bado kinaning'inia nusu kimeshikwa nusu hakijashikwa, na Mwishehe alijua kwamba atakwenda, hilo ndilo lililomvunja, si kwamba hawezi kwenda bali kwamba atakwenda, atasimama siku zote za maonyesho na kila mwanamke atakayenyoosha mkono aguse ile mashine yeye atauangalia mkono huo, na watamwuliza, na atafungua kinywa.

"Wakiniuliza kama ni salama," akasema, kwa sauti ndogo ambayo hakuitambua, "niwaambie nini?"

Mwanaheri alitafuta tundu la pili la kifungo kwa ncha ya sindano, akalikosa, akalitafuta tena.

"Fundi ni wewe, Baba Najat," alisema.