Taa Mpya za Noah

Mume wangu Twalha alikubali kuuza gari Ijumaa baada ya swala, nikashusha pumzi. Jumamosi akaniambia haliuziki hivi hivi, lazima alitengeneze kwanza. Nikajua tumeanza.

Ni Noah ya kijivu, imetembea kilomita zaidi ya laki nne, nyingi ikiwa imebeba masufuria na mabeseni yetu ya kuuza kwenda minada ya Dareda, Galapo na Magugu. Sina ugomvi na gari. Ugomvi wangu ni macho ya dereva. Mwezi wa Ramadhani, tukirudi kutoka Magugu jioni, alimpita mtu wa baiskeli karibu kiasi kwamba nilisikia kikapu chake kikikwaruza mlango wangu. Twalha akaniuliza ni nini hicho. Tangu siku hiyo, kila akitoka na gari mimi hukaa na simu mkononi nikisubiri kupigiwa na mtu nisiyemjua.

Binti yetu Shadya alimwita Arusha akapimwe, Twalha akamjibu kwamba macho yake hayana shida, wala hakwenda. Basi nikaacha kutaja macho. Nikasema gari limechoka, tuliuze tufungue duka la vyombo karibu na stendi. Hilo akalielewa.

Alianza na taa. Alidai zimefifia, akashinda uani akizisugua kwa dawa ya meno mpaka zikang'aa. Magharibi akaziwasha, akautazama ukuta, akasema bado. Akanunua balbu. Bado. Akanunua taa nzima, zote mbili. Kisha ikawa zamu ya kioo cha mbele, eti kina ukungu. Ombeni, fundi wetu wa hapa Maisaka, alikiangalia kile kioo, akaniangalia mimi, halafu akainama kutafuta spana ambayo alikuwa ameishika. Kioo kikabadilishwa. Zikafuata wipa, vikafuata vioo vya pembeni. Breki na bushi zilizokuwa zimekwisha kweli, Ombeni alizibadilisha kwa sababu nilimsimamia mimi.

Wateja wakipiga simu, Twalha anawaambia gari liko kwa fundi. Na mnada ukifika, gari hilo hilo lililo kwa fundi linatoka. Nilikuwa nafagia uwanja niliokwisha kuufagia. Ugali uliungua. Mwishowe simu ikaita akiwa bafuni, nikaipokea mimi. Alikuwa Mwalimu Theophil wa Bagara. Nikamwambia aje kesho asubuhi, gari liko tayari.

Alikuja na fundi wake, kama kila mnunuzi wa hapa mjini. Fundi akaweka kiganja juu ya boneti kuhakikisha hatukuipasha injini moto kabla hawajafika. Akafungua kifuniko cha oili, akalala chini ya gari, akatoka bila neno. Kwa fundi wa mnunuzi, hiyo ni sifa.

Theophil akaomba walijaribu barabarani. Hapo kwa kawaida fundi wa mnunuzi ndiye hushika usukani, lakini Twalha alikataa. Alisema gari lake analijua yeye, ataendesha mwenyewe waone linavyokwenda. Nikapanda nyuma bila kukaribishwa.

Tukashika barabara ya Singida. Tuta la kwanza alilipanda kama vile halipo, vichwa vyetu vikagonga dari. Mbele alikuwa anakwenda mama mmoja na ndoo ya samaki kichwani. Niliiona ndoo, nikaiona kanga yake, nikasubiri Twalha apunguze mwendo. Hakupunguza. Nikapiga ukelele, akakata usukani, tairi likashuka ukingoni na gari likasimama. Yule mama alitutukana, na haki yake, akaenda zake.

"Breki zinachelewa hizi," fundi alisema. "Na stelingi inavuta upande."

Theophil alianza kutafuta maneno ya kistaarabu ya kuondokea. Nami nilijua akiondoka, mnada unaofuata Twalha ataenda Galapo, na barabara ya Galapo imejaa watoto wa shule. Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Lakini kumvua nguo mume wangu mbele ya wageni nilishindwa. Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia mimi, nikamkasirikia hata yule fundi.

Twalha alikuwa anaupapasa usukani.

"Breki ni mpya," alisema. "Stelingi ni nzima. Usiliseme gari langu hivyo."

"Mzee wangu, si tumeona wenyewe?"

"Nyinyi mmeona. Mimi yule mama sikumwona. Macho yangu ndiyo mabovu, kijana. Gari ni zima."

Akashuka, akazunguka taratibu mkono ukiwa juu ya boneti, akamwachia fundi kiti chake. Akaja kukaa nyuma, kando yangu. Miaka yote hiyo hakuwahi kukaa pale, hakujua hata mkanda unachomekwa wapi. Nikamfungia. Nilikuwa nimetaka gari hili liondoke kuliko kitu chochote, lakini mkono wangu ulibaki kwenye mkanda wake.

Fundi aliendesha mbele kidogo na kurudi, akifunga breki ghafla, akiachia usukani kwa makusudi. Gari halikuyumba. Theophil akasema analichukua.

Walipokuwa wanaagana nje kwetu, Twalha aliushika mkono wa mwalimu na hakuuachia. Akamweleza kwamba taa ni mpya, zote mbili, na kioo cha mbele ni kipya pia, hata usiku ataona mbali. Theophil akashukuru, akawasha gari, na fundi wake akakaa kando yake.

Tulibaki tumesimama pale lilipokuwa likiegeshwa, kwenye doa la oili.

"Mama Shadya," Twalha aliniuliza, "zile taa zinawaka vizuri?"

Nikamwambia zinawaka vizuri. Na za zamani nazo zilikuwa zinawaka vizuri.

Akaniambia nimpigie Shadya kuhusu ile safari ya Arusha.