Likizo ya Uti wa Mgongo

Dobi wa hospitali alikuwa ameinama kwenye mashine, akivuta mashuka mabichi. Toroli lilikuwepo, jipya, limefungwa mnyororo ukutani lisichubuke rangi. Lilifunguliwa wakaguzi wakija tu. Siku nyingine mzigo ulipanda mgongoni.

Mgongo ulimuuma tangu mwaka jana. Alipaka dawa, akafunga mkanda, akajiambia, kama walivyoambiana wote pale, kwamba ndiyo kazi yenyewe. Wiki hiyo ganzi ilimpanda mguu mpaka mapajani kwa ndani, na mkojo ukawa unampita bila habari. Hilo alimficha hata mumewe, maskini.

Uti wake wa mgongo ukachoka kungoja. Ulijitoa taratibu kwenye kola ya sare, ukajipangusa povu, ukapanda ngazi hadi kliniki ya mifupa, ukakaa foleni. Dobi alijikunja kidogo, akaendelea kukamua.

Nesi akauliza mwenyewe yuko wapi.

"Yuko chini, anafua," uti ukajibu. "Mimi nimeshindwa kuvumilia."

Nesi akaupima uzito, maana kila mgonjwa hupimwa.

"Mgongo wa kawaida hutulia wenyewe baada ya wiki chache, mtu akiwa anatembea-tembea," daktari alisema. "Lakini ganzi ya huko chini, na mkojo usiozuilika? Hapo hatungoji kesho. Diski imeteleza, inabana neva. Mngechelewa, miguu ingewaaga."

Uti ukapasuliwa siku hiyohiyo. Dobi alikuwa anakunja foronya alipohisi vidole vya mguu vikirudi kimoja kimoja. Alilia mbele za watu, wala hakuona haya.

Daktari aliandika mapumziko ya wiki sita, bila kubeba kitu. Msimamizi wa dobi alisoma cheti, akamrudishia.

"Aliyepasuliwa ni uti. Si huo umelala wodini? Nani kauingilia? Wewe una nini?"

Utabishana vipi na mtu wa namna hiyo? Watoto wanataka kula. Dobi akajitwisha.

Saa ya kuona wagonjwa alipanda wodini, amejikunja, akishika ukuta. Uti ulikuwa umelala chali kitandani.

"Pole na kazi, mama. Miguu yetu?"

"Inatembea. Na wewe?"

"Afadhali. Waambie wakupe na wewe siku mbili tu, ulale hapa pembeni."

"Nimeshawaambia."

Akaufunika blanketi vizuri, akaupapasa pale penye mshono. Kengele ya wageni ikalia, akarudi kazini.