Programu Moja kwa Watu Wawili

Linet wa Matisi hakuwa mtu wa kutishwa na kompyuta. Yeye ndiye aliyeunda vidhibiti joto vya inkubeta, vile vidude vinavyowasha balbu mayai yakipoa na kuizima yakipata joto, na wafugaji wa kuku kutoka Kitale hadi Cheptais walimjua kwa jina. Saketi aliielewa. Aliyemshinda ni mwanamume mmoja wa Bungoma, Wakhungu, mchumba wake mwenyewe, aliyekuwa amekataa katakata kuchagua programu.

Walikuwa wamekubaliana mambo mawili: waoane Desemba, na kabla ya hapo wafungue karakana moja, waache kufanya kazi kila mtu na mji wake. Kwa sasa Linet alichora saketi Kitale, akaijaribu humo humo kwenye kompyuta aone kama balbu itawaka na kuzima inavyopaswa, kisha akaituma Bungoma. Huko Wakhungu alipanga vipuri kwenye bodi na kuchora njia nyembamba za shaba za kuviunganisha. Tatizo ni kwamba Linet alitumia programu ya bure, na Wakhungu alitumia ile ya kizamani aliyofundishwa chuoni, ambayo siku hizi hata huipati. Programu hizo mbili hazisomani ng'o. Ilibidi Wakhungu aichore kila saketi upya, kwa mkono wake, na juzijuzi njia moja ikaangukia mguu usio wake wa rilei, ile swichi inayowasha na kuzima balbu. Balbu ikakataa kuzima. Mama mmoja wa Moi's Bridge akafungua inkubeta akakuta mayai yameiva, yanangoja chumvi tu. Maneno aliyomwambia Linet kwenye simu siyarudii hapa.

"Tuhamie hii ya bure, sote wawili," Linet akamwambia Wakhungu. "Inachora, inajaribu, inapanga bodi. Kila kitu ndani."

"Haina vipuri vyetu, bana," Wakhungu akajibu.

Linet akakaa akavichora vipuri vyote vinavyopatikana madukani Kitale, kimoja baada ya kingine, akaviingiza. Akampigia. Sasa kosa likawa jingine: ati programu ile ni nzito, laptopu yake haitaiweza. Haya. Linet akamletea habari za programu ya tatu, ya mtandaoni, ambayo haihitaji laptopu yenye nguvu. Wakhungu akasema bando zitawafilisi. Linet alipoahidi kulipia bando yeye mwenyewe, Wakhungu akasema hapendi rangi za programu hiyo. Rangi! Mtu mzima na ndevu zake, anakataa programu kama mtoto anayekataa sweta.

Linet akaamua kuuliza wanaojua, na hapo ndipo alipozama kabisa. Bwana Muchiri, mwalimu wake wa zamani, alimwambia kwa upole kwamba programu zote ni nzuri, inategemea. Inategemea nini? Inategemea unataka nini. Linet akamshukuru akakata simu akiwa mjinga kuliko alivyokuwa. Kwenye kundi la mafundi la WhatsApp mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mmoja alisema ya bure ndiyo mwisho wa maneno, mwingine akasema ya bure ni ya wanafunzi, wa tatu akatuma picha ya bodi yake ambayo hakuna aliyeiomba, na kabla ya saa ya chai walikuwa wanatukanana kwa mambo ya siasa. Linet alisoma ukurasa baada ya ukurasa wa watu wakilinganisha hii na ile, na kila alipomaliza mmoja alibadilisha mawazo. Kichwa kilimwanga.

"Wewe nawe," akasema Gladwell, mwenye saiba ya jirani, kile chumba cha intaneti, rafiki yake wa siku nyingi. "Hakuna mwanamume anayegombana na programu. Huyo anagombana na harusi."

"Gladwell, tafadhali."

"Si nakuuliza tu? Siku hizi hata video hapigi. Anakutumia sauti, sauti, sauti. Ukimwandikia anajibu?"

Ni kweli, Wakhungu alikuwa ameacha kujibu maandishi; alituma sauti tu, akicheka, akimwita Lin, kama mtu asiye na jambo. Maneno ya Gladwell yalimwingia Linet akashindwa kuyatoa. Alimpenda yule mtu. Aliogopa kwamba anaachwa polepole, kwa adabu, kwa kisingizio cha programu, na wa mwisho kujua atakuwa yeye.

Asubuhi iliyofuata alibeba laptopu yake akaenda Bungoma bila kumwarifu. Kama ni kuachwa, basi aachwe ana kwa ana.

Karakana ya Wakhungu ilikuwa chumba kimoja karibu na Kanduyi. Alimkuta amekaa mbele ya kompyuta yake ya zamani, ameinama mno, pua inakaribia kugusa kioo. Linet alisimama mlangoni. Wakhungu aligeuza kichwa, akamtazama kitambo kirefu.

"Karibu, mteja."

"Mteja gani, Wakhungu?"

"Lin!" Akaruka. "Aki umenishtua! Mbona hukusema unakuja? Ni huo mwanga wa mlangoni, umekuja nyuma yako."

Linet hakutaka chai wala soda. Alifungua laptopu mezani, programu ya bure ikafunguka na bodi mpya aliyoianza usiku uliotangulia. Alikuwa ameweka vipuri mahali pake, basi. Usingizi ukamzidi kabla ya kuunganisha chochote. Alitaka kumwambia hivyo, kwamba njia amemwachia yeye, azichore mbele yake, waone kama programu itamshinda. Lakini hasira ilimtangulia.

"Tazama," akasema. "Hii ndiyo ninayokuomba kila siku. Ina ubaya gani?"

Wakhungu akasogeza kiti. Akainama, akatingisha kichwa taratibu kama fundi anayekagua.

"Ni safi," akasema. "Siwezi kudanganya. Njia umezipitisha vizuri, hasa hiyo inayoingia kwa rilei."

Linet alikitazama kioo. Akamtazama Wakhungu. Akakitazama kioo tena, maana alidhani labda yeye ndiye haoni. Palikuwa na rilei, palikuwa na vipuri vingine vimetulia kila kimoja peke yake, na kati yao hapakuwa na njia hata ya dawa.

"Ipi?" akauliza, sauti yake imeshuka. "Nionyeshe."

Kidole cha Wakhungu kilinyanyuka, kikaelea mbele ya kioo, hakikutua. Kikarudi mapajani.

"Wakhungu. Unaona?"

Wakhungu alizungumza akiangalia mikono yake. Ilikuwa presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha; la kulia lilibakisha katikati tu, kama mtu anayechungulia kwa tundu la kufuli. Matone aliyopewa hospitalini yangezuia lisiendelee, lililopotea halirudi. Programu yake ya zamani aliiweza kwa sababu vidole vilijua kila kitufe: cha kukuza, cha kusogeza, cha kuzungusha. Kwenye programu mpya angelazimika kukitafuta kila kitu kwa macho, na macho ndiyo hayo.

"Na yale mayai ya Moi's Bridge?"

"Ni mimi. Sikuuona ule mguu."

Linet alilia, na alikuwa amekasirika pia, vyote pamoja. "Miezi yote hii nimedhani hunitaka! Ulidhani nikijua nitakimbia?"

"Nilidhani utabaki," Wakhungu akasema. "Utabaki kwa kunihurumia. Hiyo ndiyo niliogopa."

"Kukuhurumia!" Linet akajifuta uso kwa kiganja, akavuta stuli, akakaa, akaivuta laptopu kwake kwa nguvu mpaka bisibisi zikaanguka. Huyo ndiye Linet. Akipendana na mtu humgombeza. "Umenihangaisha na rangi na bando na upuuzi wote huo, na hii programu inakubali vitufe vyake kubadilishwa vyote! Ungesema tu! Haya, taja. Ulivyozoea wewe. Cha kukuza ni kipi?"

Wakhungu akataja. Linet akaweka. Cha kusogeza, akaweka. Walipokosana kuhusu cha kuzungusha, Wakhungu alifumba macho na kuuliza vidole vyake juu ya meza, vidole vikasema, Linet akaweka hicho nacho. Kisha akamsogezea laptopu.

Wakhungu aliweka mikono juu ya vitufe. Akabonyeza, bodi ikakua. Akabonyeza tena na tena, hadi ile rilei ikajaa kioo kizima na kila mguu wake ukawa mnene kama kidole gumba. Akainama, akaupeleka uso polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Akarudia. Kisha bega lake likaanza kutikisika, na Linet akashindwa kujua kama analia au anacheka.

"Lin," akasema, "lakini hapa hujachora njia hata moja."