Wapita Njia wa Kwa Mukuka

Habari ilifika Jumatatu: Mwenze, binti pekee wa mzee Numbi, aliyeolewa huko Mitwaba, alikuwa hoi baada ya kujifungua, na alikuwa akimwita baba yake. Mwaka huo wa 1943 malori ya Mitwaba hayakumpakia mtu mweusi asiye na karatasi ya njia. Basi Numbi akavaa koti lake la pekee, akatoka kijijini Kwa Mukuka, akapita njia ya Kasapa kwa miguu mpaka ofisi ya serikali mjini Elisabethville, kuiomba karatasi hiyo.

Karani Clément alifungua daftari, akapekua, akatikisa kichwa.

"Muzee, hiyo kijiji haiko."

"Haiko namna gani? Niko natoka kule leo asubui!"

"Mu buku ya Leta haiko."

Numbi hakujua kusoma, ikabidi asomewe daftari hilo la serikali. Mwaka 1926, mahali pale: hakuna kijiji, wapita njia tu, wachoma makaa.

Maneno yale aliyasema yeye mwenyewe! Waandikishaji wa vibarua wa migodi walipokuja, wanaume wote walijificha nyuma ya vichuguu, wanawake wakazima meko, naye Numbi, kijana mwenye mdomo mwepesi, akaachwa njiani awadanganye. Wanakijiji walimchinjia mbuzi kwa uongo ule. Miaka kumi na saba wakajipiga vifua, wajanja hao, na hakuna aliyewaza kwamba kijiji kisichoandikwa hakina wa kumwombea mtu wake ruhusa.

"Andika sasa, mutoto yangu. Tuko! Tuko bantu makumi ine."

"Naweza kuandika," Clément alisema kwa sauti ya chini. Hakuwa mtu mbaya. "Kesho utapata karatasi. Lakini banaume bote batahesabiwa. Hii ni vita, muzee. Batabapeleka ku migodi."

Numbi akawaona mmoja mmoja: Bwalya aliyeoa juzi, Yuma na kifua chake kibovu, na wale mapacha ambao ndevu hazijaota. Akamwona na Mwenze kitandani, macho mlangoni. Akalia palepale mbele ya karani, wala hakujifuta.

Clément alichovya kalamu winoni. "Basi, muzee. Sema tena: kijiji iko na jina gani?"

Numbi alisimama, akafunga vifungo vya koti kimoja kimoja.

"Hakuna kijiji," akasema. "Nilikuwa napita tu."