Jino la Fundi Rangi

Jino lilimwanza fundi rangi alfajiri ya Jumatatu, na kufikia saa mbili shavu lilikuwa limefura kama puto. Mwenzake kazini, aliyeitwa Mluzi kwa kuwa mdomo wake haukujua kutulia, alimtazama akacheka.

"Ndugu yangu, ukipanda na shavu hilo jukwaa litainama upande mmoja. Nenda kwa daktari. Ghorofa ya sita nitaipaka mimi."

Fundi akaenda. Alikuwa bado kwenye kiti cha daktari wa meno, kinywa wazi, ganzi ikimpanda mpaka sikioni, kamba ya jukwaa ilipokatika.

Ajali haina kinga. Hayo waliyasema wote msibani. Walipokwisha kumlilia Mluzi, wakamgeukia yeye. "Mungu anakupenda," walimwambia wakimshika mkono. "Siku zako zilikuwa hazijafika." Mama yake alikwenda mbali zaidi: akawaalika majirani Jumapili, waje wamshukuru Mungu kwa kunusurika kwa mwanawe.

"Mama, mimi sitakuwepo."

"Hutakuwepo kwenye shukrani yako mwenyewe?"

"Nikishukuru kwamba kamba ilinikosa mimi, si nitakuwa nimeshukuru kwamba ilimpata yeye?"

Mama akaendelea kupangusa viti.

Siku tatu fundi hakushika brashi. Ulimi ulikwenda wenyewe kwenye pengo la jino, na kila ulipofika hapo alimwona Mluzi. Siku ya nne akapiga moyo konde, akaenda kwa mjane. Alimkuta anakunja nguo za marehemu, shati moja likiwa na madoa ya rangi kifuani.

"Shemeji, nimekuja kuomba msamaha. Pale alipokufa palikuwa pangu."

Mjane akamsogezea kiti kwa mguu. "Kaa. Wewe unaambiwa Mungu anakupenda. Mimi naambiwa Mungu amempenda zaidi mume wangu. Sasa mpendwa ni nani, aliyeachwa au aliyechukuliwa?"

Fundi akacheka bila kutaka, kisha akaona haya.

"Cheka tu, mwenyewe angecheka." Akanyoosha kola ya shati kwa kiganja. "Mungu aliandika nini, mimi sijui. Ninachojua, asubuhi ile alinipigia simu. Akasema, leo nimepewa juu kabisa, upepo unapita, mji wote uko miguuni pangu. Alikuwa na furaha, shemeji. Hakuwa kwenye zamu ya mtu. Alikuwa kwenye siku yake."

"Lakini jino lisingeuma..."

"Lisingeuma, leo ningekuwa nampa pole mama yako, huku mume wangu akijilaumu kwa kukosa kuumwa jino."

Fundi alirudi kwa miguu, polepole. Walilipwa sawa, yeye na Mluzi, wakapaka kuta zilezile. Ila yeye siku zote furaha aliiweka mbele: nyumba ikiisha, akipewa usimamizi. Mluzi hakuiweka popote. Kamba ilimnyang'anya miaka, na hilo fundi hakuona namna ya kulisamehe. Lakini asubuhi ile haikumnyang'anya, maana alikuwa ameshaila yote.

Jumapili akaenda kwenye shukrani, na mjane naye akaja, akaketi karibu na mlango. Mama alipoanza kuomba alilitaja kwanza jina la marehemu. Fundi akaitikia amina. Hakuwa ameelewa lolote zaidi ya jana, ila neno lilimtoka bila kumkwaruza.

Siku ya pili yake akarudi kazini. Kabla ya kupanda alizikagua kamba zote, zake na za wenzake, fundo kwa fundo, mpaka msimamizi akachoka kusubiri.

"We fundi, kwani huamini kwamba siku ya mtu imeandikwa?"

"Naamini," alijibu, akiendelea kuivuta kamba. "Ila huenda imeandikwa kwamba mimi ndiye nizikague."